Mwaka Tulioweka Bahari Naviundu

Ngalula alifika Jumapili mchana, akakataa soda, akakubali maji, akaketi kwenye kiti kilekile wanachokalia wazazi wanapokuja kuwaombea watoto wao alama. Tangu mlangoni alikuwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kitenge. Alipokwisha kunywa kidogo alikifungua mapajani: fremu ya shaba yenye pembe nne, ndefu kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni, iliyosuguliwa hata inang'aa. "Papa alikufa mwezi ulipita," alisema. "Alituachia neno moya: hii irudiye kwa Mado wa Naviundu." Mado wa Naviundu ni mimi, ingawa siku hizi wanafunzi wananiita Madame, na magoti yangu yananiita majina mengine ambayo sitayaandika hapa. Baba yake, Mwalimu Kabeya, ndiye aliyenifundisha elimu ya viumbe nilipokuwa sekondari. Nilikuwa sijamwona binti huyu tangu akiwa msichana mwembamba aliyekalia sufuria za mama yake kwenye stesheni ya treni, na nilipomwangalia sasa, mwanamke mzima mwenye mvi, nilishikwa na huzuni na furaha pamoja, nikashindwa kujua nianze na lipi. Nikaanza na fremu. Niliishika, nikaigeuza, nikaona alama za nyundo ndogo zikiwa zimepangika kama punje za mahindi. Kwa fremu hii tulikaribia kuiua bahari.

Wazazi wangu na ukoo wangu nitawaacha mahali pao, kwa kuwa hawamo katika habari hii. Nilikuwa na miaka ishirini. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, maduka ya mji wetu wa Lubumbashi yalikuwa yameporwa hadi vitasa vya milango, na bomba refu la kiwanda cha shaba, ambalo tangu utoto wangu lilitupulizia moshi usoni, sasa lilitoa moshi siku moja na kupumzika siku nyingi, kama mzee anayevuta kiko kwa kubana matumizi. Nilipanga chumba katika uwanja wa Mama Chola, karibu na mto Naviundu: kitanda, meza, dirisha moja linalotazama jiko la nje. Asubuhi niliamshwa na harufu ya samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani, ambao Mama Chola aliwauza, na jioni tulikula haohao na bukari, yaani ugali wetu, wapangaji wote kuzunguka sinia moja, tukisikiliza redio mpaka betri ilipochoka. Na mwaka ule kulikuwa na jambo jingine, ambalo hata leo watu wa hapa hulisema kwa sauti ya chini. Majirani zetu ambao babu zao walitoka Kasai, wengi wao waliozaliwa hapahapa, waliambiwa warudi kwao. Nyumba zao zikachukuliwa, wao wakaenda kulala stesheni wakingoja treni. Tulilelewa na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwaka ule wenyeji walijiona wamepona vya kutosha.

Mwalimu Kabeya alikuwa mmoja wa hao. Nyumbani kwake alikuwa na kitu ambacho darasa letu lote lilikijua: kisanduku cha kioo chenye maji ya chumvi na viumbe wa baharini, alichoachiwa na mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyekimbia nchi baada ya duka lake kuporwa. Nilidhani kimekwenda na mengine yote. Halafu asubuhi moja Mwalimu akaingia uwanjani kwetu akisukuma mkokoteni, koti lake la kufundishia likiwa mwilini, na juu ya mkokoteni pipa la plastiki lililofunikwa shuka na ndoo ya chumvi ya bahari ya yule Mgiriki, iliyofungwa vizuri. "Mado, mutoto yangu," alisema, "nyumba banaisha kuikamata. Kisanduku banavunja. Hawa tu njo banabakia." Alifunua shuka anionyeshe hao waliobaki. Mle ndani, katika maji meusi ya pipa, niliona jiwe lenye mabaka ya zambarau, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na kitu kilichojikunja kama ngumi ya mtoto. Nilimuuliza nifanye nini nao, mimi ambaye sikuwa nimefuga hata kuku. Akajibu bila kuzunguka. "Miye naenda kungoya train ku gare. Hatuyue itakuya siku gani. Lakini hawa basikufe mbele ya miye kupanda. Nilisha kupoteza kila kintu hapa, Mado. Hii moya, hapana." Kisha akageuza mkokoteni akarudi stesheni, kwa sababu mkewe na watoto walikuwa wanalinda mizigo.

Basi, hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuchagua vifaa vya bahari, katika mji ambao bahari iko mbali nao kiasi kwamba hata uongo kuihusu hauna wa kuupinga. Mpango wetu ulikuwa mmoja: kila kitu kitakachogusa maji ninunue, nikipeleke stesheni, Mwalimu akishike kwa mkono wake, aseme ndiyo au hapana. Soko la kununulia lilikuwa lipo, tena kubwa: vitu vyote vilivyoporwa mjini vilitandazwa kando ya barabara juu ya magunia, na wauzaji hawakujua nusu ya walichouza. Pampu ndogo ya kupuliza hewa ndani ya maji niliuziwa kama mashine ya wagonjwa wa pumu. Mtu aliyekuwa na mirija ya taa alinipa mmoja mweupe na mmoja wa buluu, akisema ule wa buluu umetoka katika ukumbi wa dansi na ukiuwasha nyumbani mume hatoki tena jioni. Nilimwambia sina mume. Akaniambia basi nichukue miwili. Mwalimu aliikubali taa ya dansi kwa furaha iliyonishangaza. Alisema chini baharini mwanga mwekundu hufa kwanza, wa buluu ndio unaoshuka mbali, na viumbe vile vimezaliwa humo. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la nguo, katikati ya watu wasiohesabika, vyerehani, magodoro, watoto waliokuwa wakikohoa, mama aliyekuwa akimsuka mwenzake, na alinieleza habari ya mwanga akichora hewani kwa kidole, kama ubaoni zamani.

Kilichonitoa jasho kilikuwa kipimo cha chumvi. Maji ya bahari yana uzito wake, na usipoupata, viumbe hufa hata kama umewapenda kuliko ndugu zako. Mwalimu alikuwa na kipimo chake cha kioo, kikavunjwa. Niliranda sokoni na kupeleka stesheni kila kitu chenye umbo la mrija. Kipimajoto cha hospitali, hapana. Kipimo cha tindikali ya betri za magari, hapana, kile kinapima vizito zaidi. Mwishowe muuzaji mmoja akanipa kijiti cha kioo chenye tumbo nene, kilichotoka katika kiwanda cha maziwa. Waliopokea maziwa walikitumbukiza wajue kama mchuuzi ameongeza maji. Mwalimu alikishika juu kwenye mwanga, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nianze kwenda pale. "Hii njo yenyewe," alisema. "Maziwa na bahari biko karibu mu uzito. Bahari iko mwepesi kidogo tu." Mkewe, aliyekuwa akichagua mchele, akainua kichwa: "Kumbe bote njo benye kulea bantu." Sikuelewa maneno yake hadi nilipokuwa mama. Mwalimu aliniomba rangi ya kucha, na kesho yake nikaleta ya Mama Chola, nyekundu kama pilipili, akapaka mstari mmoja mwembamba mahali ambapo kijiti kinapaswa kuzama. Nimesoma vitabu vingi baadaye. Lakini mshangao ule, wa kujua kwamba kikombe cha maziwa na bahari nzima vinaweza kupimwa na kijiti kimoja, sijaupata mara nyingi tena.

Maji yenyewe yalikuwa na masharti kuliko bibi harusi. Ya bomba hayafai, alisema Mwalimu, yamepita katika mabomba ya mji huu. Ya mtoni hayafai, kila mtu anajua mto wetu unapita kiwandani. Ya mvua yanafaa, lakini si ya bati. Mabeseni ya plastiki yawekwe katikati ya uwanja, mbali na paa. Na safari hii mvua ilikuwa safi, kwa vile bomba la kiwanda lilikuwa halivuti. Kisanduku kipya alikitengeneza Ba Saidi, fundi wa vioo na wa shaba, Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, na watoto wake wote walikuwa wamepita mikononi mwa Mwalimu. Aliunganisha vioo vya madirisha yaliyoporwa, akavibandika kwa gundi, akavijaribu kwa maji, akakataa malipo. Nilipomwonyesha Mwalimu kipande cha ile gundi, alikinusa, akakubali.

Siku niliyowahamishia viumbe kisandukuni, wapangaji wote walijaa chumbani kwangu hadi kitanda kikalia. Nilichanganya chumvi na maji ya mvua, kijiti cha maziwa kikazama mpaka mstari mwekundu, nikaweka jiwe, samaki, na ile ngumi. Nikawasha taa ya dansi. Hapakutokea lolote kwa muda mrefu, na Mama Chola, ambaye wiki zile alikuwa akisema kila jioni mbele ya sinia kwamba watu wa Kasai waende tu, nchi itapumua, aliuliza kama nimepoteza akili yangu kwa ajili ya jiwe. Halafu ngumi ikaanza kufunguka. Ilifunguka polepole, vidole vingi vya kijani vyenye ncha za waridi, vikanyooka, vikayumba bila upepo. Samaki mmoja akaingia katikati ya vidole vile, akajilaza, mwenzake akamfuata. Nilieleza nilivyofundishwa: kile kinachofanana na ua ni mnyama, kina sumu, kinaua samaki wengine na kuwala, lakini hawa wawili kinawapokea, na wao wanakilinda. Nilisikia pampu tu. "Yee ni mukari," alisema Mama Chola baadaye, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "na analalisha bageni mu kitanda yake." Alichovya ncha ya kidole majini, akalamba. Aliketi palepale chini, miguu imenyooshwa, akatazama mpaka samaki wake wa Pweto wakaungua jikoni.

Kesho yake Ba Saidi akaja na zawadi. Alikuwa amesikia kwamba bahari imefunguka, na aliona aibu kwamba kazi ya mikono yake ina kingo tupu kama dirisha la gereza. Kwa hiyo alikuwa ameketi akagonga fremu ya shaba, ya kuvikwa juu ya kisanduku, yenye mdomo unaoingia ndani kidogo hadi kugusa maji ili isiteleze. "Mwalimu alibafundishaka batoto yangu bote," alisema. "Kintu yake haiwezi kubakia bila mukuba." Mukuba ndiyo shaba. Hapa kwetu ndiyo heshima: bwana harusi hupewa, askofu hupewa, mgeni wa serikali akitua uwanja wa ndege hurudi kwao na sahani yake. Tuliivika, ikakaa sawasawa, taa ikaipiga, chumba kikawa kama kanisa. Hatukufikiria kuipeleka stesheni kwanza. Ilikuwa pambo, na pambo si kifaa.

Haikuchukua siku nyingi, ua likajikunja. Likatoa utando mweupe, likaachia jiwe, likalala upande. Samaki walizunguka juu yake wakipumua kwa haraka. Nilibadilisha joto, nilipoza, nilizima taa, niliomba. Mwisho nilikimbilia stesheni na kumkuta Mwalimu akimpepea mtoto wa watu kwa daftari. "Mwalimu, iko inakufa," nilimwambia, nikaanza kulia, mbele ya watu wenye mambo ya kulilia kweli. Hakuniuliza kuhusu chumvi. Aliniuliza: "Kintu gani ya mupya inagusa maji?" Nikamwambia. Akacheka, kicheko kifupi, kikavu. "Mukuba," alisema. "Mu maji ya chumvi mukuba ni sumu, Mado. Inaua kila nyama yenye haina mifupa." Alitazama reli, mbali, ambako treni haikuwepo. "Hata hawa, mukuba haibatake." Mkewe alimgusa bega. Alijifuta uso, akarudi kuwa mwalimu: toa fremu leo, saga makaa ya mbao, yafunge katika soksi safi yakae majini, kisha badilisha maji, mengi uwezavyo. Nilimwambia mvua zimeisha. Alisema, "Njo vile," yaani ndivyo hali ilivyo.

Kumwambia Ba Saidi kulikuwa kugumu kuliko kulia. Alinisikiliza akiwa ameshika nyundo, kisha akaja, akaitoa fremu mwenyewe, akaifuta kwa shati lake na kuiweka chini kwa uangalifu kana kwamba ndiyo mgonjwa. "Maji usiyoyafika hujui wingi wake," alisema, akaketi mlangoni. Anga lilikuwa jeupe kama sahani. Mei ilikuwa imeingia, na kila mtoto wa Lubumbashi anajua kwamba baada ya hapo hakuna tone mpaka mwisho wa kiangazi. Tuliketi tukitazama juu, mimi, yeye na mpangaji mmoja aliyekuwa hana kazi, na nilimchukia kila aliyesema labda. Soksi ya makaa ilielea. Ua lilikuwa limesinyaa hadi kulingana na kidole gumba.

Mvua ilikuja siku ya tatu, alasiri, kutoka upande wa Sakania, bila radi, kama mtu aliyesahau kitu na kurudi kukichukua. Nilitoka na beseni langu. Ba Saidi akatoka na mabakuli ya wake zake. Nilipogeuka nilimwona Mama Chola akimwaga samaki wake wakavu juu ya mkeka ndani ya nyumba, samaki wa mtaji wake, ili beseni lao lipate nafasi. Akalisugua kwa majivu, akalisuuza, akaliburuta hadi katikati ya uwanja. Aliita kwa jirani, na jirani akaita kwa mwingine. Walitoka na ndoo, makarai ya plastiki, beseni la kuogeshea mtoto, sufuria ambazo nilizikataa moja moja kwa kuogopa chuma, na waliokataliwa hawakuudhika. Baadhi yao niliwajua: walikuwa wameimba barabarani nyimbo ambazo sitaziandika. Walisimama wamelowa, wakitazama maji yakipanda katika mabeseni yao kwa ajili ya mnyama wa Mkasai, na hakuna aliyeeleza kwa nini. Sikuelewa siku ile, na sasa nimezeeka bado sielewi.

Tulibadilisha karibu maji yote, na chumvi ya ndoo ikapungua hadi nusu. Asubuhi ua lilikuwa limeshika jiwe tena. Nilipeleka habari stesheni, na Ba Saidi alinifuata, fremu kwapani, kuomba msamaha ambao Mwalimu hakutaka kuusikia. "Unipe hiyo," alisema Mwalimu, akanyoosha mkono. "Miye niko na mifupa. Haitaniua." Ba Saidi alimpa kwa mikono miwili. Waliishika wote, kila mmoja upande wake, muda mrefu kuliko inavyohitajika kupokea kitu.

Kisha ua likafanya jambo ambalo Mwalimu hakuwa amenifundisha. Lilianza kujivuta pande mbili, nusu kuelekea taa, nusu kuelekea pampu, mdomo wake ukanyooka ukawa kama tundu la kitufe. Nilidhani sumu imerudi. Nilikaa nalo mchana kutwa, Mama Chola naye akaacha soko, na kabla ya jua kuzama katikati yake palikatika, bila damu, bila kelele. Vidole vikafunguka huku. Vikafunguka na kule. Samaki mmoja akahamia kwa mpya, akarudi kwa wa zamani, akahamia tena. Mama Chola alijishika mdomo. Usiku huohuo redio ya jirani ilisema treni imeingia.

Nilifika stesheni wakiwa wameshapakiwa katika mabehewa yasiyo na viti, watu juu ya mizigo, mizigo juu ya watu. Nilipita nikiita mpaka Ngalula akanipungia mkono kutoka mlangoni mwa behewa. Mwalimu alikuwa nyuma yake, fremu imefungwa kifuani kwa kitenge kama mtoto. Hakuuliza. Aliniangalia tu, na niliona kwamba anaogopa kuuliza, mtu ambaye sikuwahi kumwona akiogopa swali. "Mwalimu," nilimwambia, "iko bibili. Ilijigawanya. Bote bazima." Alifumba macho. Treni ilipovuta, alikuwa bado ameyafumba, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho kelele ilikimeza.

Bahari yetu iliishi Naviundu kadiri chumvi ya Mgiriki ilivyoishi, na umeme ulipokatika tulipokezana kuchota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena ili yapate hewa, Mama Chola akiwa na zamu yake na akigombeza waliochelewa. Chumvi ile ilipokwisha, na ya jikoni haifai, bahari nayo iliisha. Nililia, chuo kikafunguliwa, nikawa mwalimu wa elimu ya viumbe. Nafundisha katika chumba kilekile alichofundishia yeye.

Hayo yote nilimsimulia Ngalula, na alitikisa kichwa kama mtu anayesikia nusu ya pili ya hadithi. Akanipa nusu yake. Safari ilichukua siku nyingi, maji yalikuwa machache, na katika behewa lao walikufa watu, wa kwanza mdogo wake wa mwisho. Mama yao alikataa kula wala kuzungumza. "Papa alimushikaka mukono," alisema Ngalula, "akamuambia kila asubui: kule kwetu iko bibili, bote bazima. Hapana maneno ingine. Kila asubui, mpaka tulifika. Na kisha, miaka yote, mutu akikufa ku nyumba, alikuwa anasema vile." Aliiweka fremu juu ya meza, kati yetu, karibu na glasi yake ya maji. Nikanyoosha mkono, bila kufikiri, nikaisogeza glasi mbali.